Kutoka Wembe hadi Tarakilishi: Vifaa vya Mhariri wa Video Nyumbani na Suala la Kinachobaki

1. Utangulizi

Mhariri wa video afanyaye kazi nyumbani kwake ana maswali yanayomnyima usingizi. Je, mashine aliyonayo imezeeka, au ni yeye ambaye hajajua kuitumia? Je, anunue tarakilishi mpya, au aiongezee tu ile ya zamani diski na kumbukumbu? Je, programu mpya itaweza kufungua kazi alizozihariri miaka kumi iliyopita? Na zile kaseti zilizojaa kabatini, za arusi, za matanga, za ubatizo na za michezo ya kuigiza, zitachezwa kwa chombo gani siku kile cha mwisho kitakapoharibika?

Kwa kawaida maswali haya hupelekwa dukani, na muuza duka hujibu kwa kutaja kitu kipya. Lakini kwa asili yake ni maswali ya historia. Kila kizazi cha wahariri kimekwisha kuyauliza, na majibu waliyoyapata yanaweza kumsaidia mtu wa leo kuliko tangazo lolote la biashara.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vifaa vya uhariri wa picha zinazotembea vilivyobadilika tangu mwaka 1917, hususan vile vilivyomfikia mtu wa kawaida nyumbani. Hoja yake ni moja. Kila badiliko la vifaa lilipunguza gharama ya kuanza kazi mpya, lakini liliongeza ugumu wa kufungua kazi ya zamani. Tena, kila ilipotokea hivyo, kilichovuka salama kwa urahisi zaidi kilikuwa kile kilichoandikwa kwa namna iliyo wazi, isiyotegemea mtambo mmoja tu. Jambo hili lawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo, kwa kuwa sehemu kubwa ya Kiswahili kisemwacho hapa haikupata kuingia kitabuni. Kiliponaswa, kilinaswa katika kanda.

2. Chombo kilichokusudiwa nyumba kikaishia kiwandani

Katika miaka ya mwanzo ya sinema, mkata filamu hakuwa na mtambo wa maana. Alikuwa na meza, mkasi, gundi, taa na macho yake. Aliishika filamu mkononi mbele ya mwanga, akaikadiria kwa urefu wa mkono, akaikata, akaiunga, kisha akaipeleka kwenye projekta aone kama alikisia sawasawa.

Mwaka 1917 mhandisi Iwan Serrurier alibuni huko Marekani chombo alichokiita Moviola. Hakukibuni kwa ajili ya wahariri hata kidogo. Alikusudia kuwauzia watu wenye nyumba, ili waangalie sinema sebuleni kama walivyokuwa wakisikiliza santuri. Lakini bei yake, yapata dola 600 mnamo 1920, ilikuwa kubwa mno kwa jamaa ya kawaida, na wanunuzi wakawa wachache sana. Mwaka 1924 Serrurier alishauriwa na mhariri wa studio ya Douglas Fairbanks akigeuze kiwe chombo cha kutazamia filamu wakati wa kuikata. Hapo ndipo Moviola ilipopata kazi yake ya kweli, na kwa miongo kadhaa ikawa sehemu ya kila chumba cha uhariri huko Hollywood.

Kisa hiki chafaa kutangulia vingine, kwa sababu kinavunja dhana iliyozoeleka kwamba vifaa huzaliwa viwandani vikiwa ghali, halafu huteremka polepole hadi nyumbani vikiwa rahisi. Njia hiyo hupitika pande zote mbili. Chombo cha nyumbani kilichokosa wanunuzi kiligeuka kuwa chombo cha mafundi.

Nyumba nazo hazikuachwa bila kitu. Kodak ilitoa filamu ya milimita 16 mwaka 1923, kisha ya milimita 8 mwaka 1932, na ya Super 8 mwaka 1965. Mpiga picha wa nyumbani alinunua kiungio kidogo na kitazamio cha kuzungusha kwa mkono, akahariri juu ya meza ya kulia chakula. Sifa moja ya filamu yapaswa kukumbukwa hapa: picha iliyomo huonekana kwa macho. Mtu akiiokota leo baada ya miaka 60, hata kama hana projekta, ataiinua mbele ya dirisha na kuona sura ya babu yake. Sifa hiyo ndiyo iliyopotea katika hatua iliyofuata.

3. Wembe, hadubini na ukanda wa sumaku

Mwezi Aprili 1956, mjini Chicago, kampuni ya Ampex ilionyesha mtambo wa kwanza wa kunasa picha za televisheni juu ya ukanda wa sumaku uliofaa kwa kazi ya vituo. Kundi la mafundi waliouunda liliongozwa na Charles Ginsburg, na miongoni mwao alikuwamo kijana Ray Dolby, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa kazi yake ya kupunguza kelele katika sauti. Mtambo huo uligharimu yapata dola 50,000, na ukanda wake ulikuwa na upana wa inchi mbili. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo shirika la CBS liliutumia kurusha hewani habari zilizokuwa zimenaswa kwanza.

Kwa mhariri, ukanda huu ulikuwa fumbo. Juu yake hapakuonekana picha yoyote, ila rangi ya udongo iliyotanda kote kwa usawa. Ili akate mahali panapofaa, alipaka ukandani maji yenye vumbi la chuma, akatazama kwa hadubini mistari iliyojitokeza, akapitisha wembe kati ya mstari na mstari, kisha akaunganisha vipande kwa utepe mwembamba. Akikosea kidogo tu, picha iliruka mbele ya watazamaji.

Zaidi ya ugumu huo palikuwa na jambo la bei. Ukanda wa saa moja uligharimu takriban dola 300. Lakini tofauti na filamu, ukanda uliweza kufutwa na kutumiwa tena. Nao ukanda uliokatwa kwa wembe haukufaa tena kwa matumizi mengine. Kwa hiyo wakuu wa vituo hawakupenda ukatwe, na walipenda ufutwe. Ndivyo zilivyopotea kazi nyingi. BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwamo vya mfululizo wa Doctor Who. Hata kanda za NASA zilizobeba data asilia ya safari ya Apollo 11 ya mwaka 1969, pamoja na picha zake, zilitafutwa kwa muda mrefu, na taarifa iliyotolewa mwaka 2009 ikahitimisha kwamba yaelekea zilifutwa ili zitumike tena. Picha za kutua mwezini zilisalia kupitia nakala zilizokuwa zimerushwa na vituo vya televisheni. Hakuna aliyekusudia kuziharibu. Palikuwa na upungufu wa kanda, na kila fundi aliona anaweka akiba.

4. Orodha iliyodumu kuliko mtambo wake

Mwaka 1971 kampuni ya CMX, iliyoundwa kwa ubia wa CBS na Memorex, ilileta mtambo ulioitwa CMX 600. Huu ulikuwa wa kwanza kumwezesha mhariri kuruka kutoka picha moja hadi nyingine bila kuuzungusha ukanda tangu mwanzo. Bei yake ilikuwa takriban dola 250,000. Diski zake zilikuwa na ukubwa wa mashine za kufulia nguo, nazo zote pamoja zilibeba yapata nusu saa tu ya picha, tena picha hafifu zisizo na rangi.

Picha hafifu kiasi hicho zisingeweza kurushwa hewani, na wabunifu wa mtambo walilijua hilo. Hivyo waliigawa kazi mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la rasimu: mhariri aliamua juu ya picha hafifu ni wapi aanze na wapi akomee. Fungu la pili lilikuwa la mwisho: mtambo mwingine ulisoma maamuzi hayo na kuyatekeleza juu ya kanda bora. Kati ya mafungu hayo mawili palipita orodha. Orodha hiyo haikuwa na picha hata moja. Ilitaja ukanda, saa, dakika, sekunde na namba ya picha pa kuanzia na pa kuishia, kwa kutumia msimbo wa wakati uliokwisha kubuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mitambo ya CMX haipo tena kazini. Lakini orodha zake zilizoandikwa kwa herufi na tarakimu za kawaida zipo. Muundo unaobeba jina la CMX 3600, mtambo wa kizazi kilichofuata, bado unasomwa na programu kubwa za uhariri za leo. Anayetaka aweza pia kuuchapa juu ya karatasi na kuusoma kwa macho. Mtambo wa robo milioni ya dola umekufa, na karatasi yake ingali hai. Mhariri wa nyumbani anapojiuliza atunze nini, hapa ndipo pa kuanzia.

5. Kaseti zaingia sebuleni

Mwaka uleule wa 1971 Sony ilianza kuuza U-matic, ukanda wa robo tatu ya inchi uliofungiwa ndani ya kaseti. Kampuni ilitumaini kuiuza majumbani. Bei ilikataa, na historia ya Moviola ikajirudia: shule, maofisi na vituo vya televisheni ndivyo vilivyoinunua. Kilichoingia sebuleni kwa kweli ni Betamax ya Sony, mwaka 1975, na VHS ya kampuni ya JVC, mwaka 1976. Kaseti ya kwanza ya Betamax ilibeba saa moja, na ile ya VHS saa mbili, tofauti iliyotosha kuwa na uzito kwa mtu aliyetaka kunasa filamu nzima. Hatimaye VHS ikashinda. Hata hivyo Betamax haikufa bure. Betacam iliyotokea mwaka 1982 kwa ajili ya vituo vya televisheni ilitumia kaseti ya umbo na ukubwa uleule. Chombo kilichoshindwa sebuleni kilikwenda kutawala studioni.

Mhariri wa nyumbani wa miaka ya 1980 alifanya kazi kwa masini mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kunasia. Palikuwa na vikwazo vitatu. Kwanza, alinakili kwa kufuatana: akikumbuka baada ya saa moja kwamba amesahau picha ya bibi arusi akishuka garini, ilimlazimu ama aifute picha nyingine ya urefu uleule, ama arudie kila kilichofuata. Pili, kila nakala ilipungukiwa. Nakala ya kizazi cha pili ilififia kidogo, ya tatu ilipauka, na ya nne rangi zilichuruzika nje ya mipaka yake. Tatu, masini hazikuanza kwa mara moja: ilibidi zirudi nyuma sekunde chache ili zipate mwendo, na zile za bei rahisi hazikuweza kukata mahali palepale mhariri alipopataka.

Kwa jamaa zilizotawanyika duniani kikwazo cha nne kilikuwa kigumu kuliko vyote. Marekani ilitumia mfumo wa NTSC wenye karibu picha 30 kwa sekunde. Nchi nyingi za Ulaya na Afrika zilitumia PAL au SECAM, zenye picha 25. Kaseti ya arusi iliyotumwa kutoka Marekani kwa jamaa walioko Afrika iliweza kufika salama, ikaingia vema katika masini, na bado isionyeshe kitu ila mistari inayopanda na kushuka. Watu wengi walijifunza hapo kwa mara ya kwanza kwamba kuwa na ukanda si sawa na kuwa na kilichomo ndani yake.

6. Tarakilishi na hesabu ya diski

Mwisho wa mwaka 1990 kampuni ya NewTek ya Topeka, jimboni Kansas, ilianza kuuza Video Toaster, kadi iliyochomekwa ndani ya tarakilishi ya Amiga. Kwa dola 1,595 ilifanya kazi za kuchanganya picha, kuandika majina na kupamba mapito ambazo kabla yake zilihitaji chumba kizima cha mitambo. Lakini aliyeinunua aligundua upesi kwamba bei ile haikuwa bei yote. Ili kanda zichanganyike sawasawa, kila masini ya kuchezea ilihitaji kirekebisha mwendo chake, na masini zenyewe ilibidi ziwe bora. Tangu siku hizo jambo hilo halijabadilika: kifaa kimoja kipya huamsha upungufu uliokuwa umelala katika vifaa jirani.

Wakati huohuo uhariri wenyewe ulikuwa ukihamia ndani ya diski. Avid ilionyesha mtambo wake wa kwanza mwaka 1989, juu ya tarakilishi ya Macintosh. Adobe ilitoa Premiere mwaka 1991. Mwaka 1997 Walter Murch alipewa tuzo ya Oscar kwa uhariri wa filamu The English Patient, nayo ikawa ya kwanza kupata tuzo hiyo ikiwa imehaririwa kwa tarakilishi. Miaka michache baadaye Murch huyohuyo alihariri Cold Mountain, filamu ya mwaka 2003, kwa Final Cut Pro, programu ambayo mtu yeyote aliweza kuinunua dukani.

Badiliko kubwa kwa nyumba lilitokea mwaka 1995, ilipotoka kaseti ya DV. Ndani yake picha ilikuwa imekwisha kugeuzwa tarakimu. Ikipitishwa katika waya wa FireWire, nakala ililingana na asili, nayo nakala ya kizazi cha kumi haikuwa na tofauti na ya kwanza. Tatizo la kufifia likaisha, na mahali pake likachukuliwa na tatizo la nafasi. Saa moja ya DV huhitaji takriban gigabaiti 13. Mwezi Oktoba 1999 Apple ilitoa iMac DV kwa dola 1,299, ikiwa na programu ya iMovie ndani yake, na matangazo yakamkaribisha kila mtu ahariri sinema za nyumbani. Diski yake ilikuwa ya gigabaiti 10. Mashine iliyouzwa kwa ajili ya kuhariri kaseti za DV haikuweza kumeza kaseti moja nzima ya saa moja. Mnunuzi aliyepiga hesabu hiyo kabla ya kulipa aliokoa fedha. Asiyeipiga alirudi dukani kununua diski ya pili.

Mfano mwingine unahusu picha za simu na kamera za leo. Nyingi huhifadhiwa kwa kanuni ya H.264, iliyokubaliwa mwaka 2003, au kwa kanuni zilizoifuata. Kanuni hizi hutunza picha kamili moja mara chache, na kati yake hutunza tofauti tu. Ndiyo maana faili ni dogo. Lakini mhariri akisimama kwenye picha yoyote ya katikati, mashine hulazimika kuikokotoa upya kutokana na majirani zake. Hivyo tarakilishi yaweza kuionyesha video vizuri kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ikakwama inapotakiwa kuikata. Mwenye mashine husema imezeeka. Mara nyingi dawa ni ileile ya mwaka 1971: kutengeneza nakala hafifu za rasimu, kuamua juu yake, na kuzirudishia picha bora mwishoni. Programu za leo hulifanya jambo hilo kwa kubofya mara chache, na halihitaji fedha yoyote.

7. Programu iliyokataa kazi za jana

Mwezi Juni 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X kwa takriban dola 300, chini sana ya bei ya vifurushi vilivyoitangulia. Ilikuwa na mwendo wa kasi na mpangilio mpya kabisa. Lakini haikuweza kufungua kazi zilizohaririwa kwa Final Cut Pro 7, na toleo la zamani likaondolewa sokoni papo hapo. Kelele za wahariri zilikuwa kubwa hata kampuni ikalazimika kuliuza tena toleo lile kwa muda. Mwanzoni mwa mwaka 2012 watu wa nje ya kampuni walitengeneza programu ndogo ya kuhamisha kazi za zamani. Hiyo ilisoma XML, yaani maelezo ya uhariri yaliyoandikwa kwa herufi za kawaida, ambayo Final Cut Pro 7 iliweza kuyatoa. Aliyeyatoa maelezo hayo mapema alivuka. Aliyengoja alibaki na mafaili yaliyofungwa, kwa kuwa baada ya miaka michache mifumo mipya ya Macintosh haikuikubali tena Final Cut Pro 7.

Mwezi Mei 2013 Adobe nayo ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake yangepatikana kwa malipo ya mara kwa mara tu. Tangu hapo mhariri anamiliki faili la kazi yake, lakini ufunguo wa kulifungua ameukodi. Upande wa pili wa mambo ni DaVinci. Mitambo yake ya kusahihisha rangi iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, mpaka Blackmagic Design ilipoinunua mwaka 2009 na kutoa toleo la bure mwaka 2011. Mtu wa nyumbani alipewa bila malipo chombo ambacho studio zilikopa fedha ili kukipata. Hata hivyo zawadi ya kampuni haina ahadi ya milele, na mwenye busara huitumia huku akitoa nakala zilizo wazi.

8. Maneno ya kazi hii katika Kiswahili

Kiswahili kimeyafuata mabadiliko haya kwa njia yake. Ukanda, au mkanda, ni kitu cha kujifungia kiunoni. Neno hilo likapewa filamu, kisha utepe wa sumaku, kwa sababu vyote ni vyembamba na virefu. Leo picha zimo katika kadi ndogo kuliko ukucha, na bado wapo wasemao mkanda wa arusi. Umbo limetoweka, jina limebaki.

Kitenzi kuhariri kimetoka katika Kiarabu, na mzizi wake wa konsonanti ndio uleule uliotoa neno uhuru. Katika Kiarabu nomino tahrir hubeba maana zote mbili: kuandika au kusahihisha kwa uangalifu, na kukomboa. Katika Kiswahili maana hizi zimetengana, na msemaji wa kawaida hahisi undugu wao. Mjini Lubumbashi, aidha, neno linalosikika zaidi katika kazi yenyewe ni la Kifaransa, montage, ambalo asili yake ni kupandisha na kuunganisha sehemu. Tofauti hiyo haikosi maana. Anayesema montage humwona fundi anayejenga; anayesema kuhariri humwona msomaji anayesahihisha. Kazi ya mhariri wa nyumbani, ambaye hujenga mchana na kusahihisha usiku, yahitaji maneno yote mawili.

9. Kanda zinazongoja

Mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo mjini Lubumbashi lilitunga mchezo juu ya methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima. Mchezo ulitungwa kwa Kiswahili cha Shaba, ukafanyiwa mazoezi mbele ya mtafiti Johannes Fabian, kisha ukapigwa picha kwa ajili ya televisheni. Fabian alinasa sauti za majadiliano na mazoezi, akazinakili kwa maandishi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990. Kutokana na hayo mwanafunzi wa leo, hata asipokuwa na masini yoyote, aweza kusoma namna waigizaji walivyojadiliana juu ya neno moja, walivyolibadilisha, na walivyocheka. Hapa maandishi yamefanya kazi ileile iliyofanywa na orodha za CMX.

Si kila ukanda uliopata mnakili. Sony iliacha kutengeneza masini za Betamax mwaka 2002, na mwaka 2016 ikaacha kuuza kaseti zake. Mwaka huohuo wa 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza masini za VHS. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilikuwa imeonya kwamba kanda ambazo zisingehamishwa kufikia 2025 zingekabiliwa na hatari ya kupotea, na mwaka 2019 UNESCO ilishirikiana na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha kutoa tahadhari kama hiyo. Kinachotisha ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: gundi ya ukanda huoza kwa unyevu na joto, na vichwa vya masini huisha bila kupatikana vingine.

Hesabu ya kuzihamisha ni nyepesi, ila yahitaji uvumilivu. Ukanda wa saa moja huchukua saa moja kuuchezesha, na hakuna njia ya mkato. Mwenye kaseti 500 za saa moja moja, akifanya kazi saa sita kwa siku, atahitaji siku 84, bila kuhesabu siku ambazo umeme utakatika.

10. Hitimisho

Historia hii haimwambii mhariri wa nyumbani anunue au asinunue. Inampa mpangilio wa maswali. Kabla ya kuuliza mashine mpya ina mwendo gani, aulize ni kazi gani ya zamani itakayofungwa nje. Kabla ya kuilaumu prosesa, ajaribu nakala za rasimu. Kabla ya kuongeza uzuri wa picha, awe na diski ya pili, iwekwe katika nyumba nyingine. Masini ya zamani isiuzwe wala kutupwa kabla kaseti yake ya mwisho haijahamishwa. Na kila kazi inapokwisha, pamoja na video yenyewe itolewe orodha ya uhariri kwa maandishi ya kawaida, na karatasi yenye tarehe, mahali, majina ya waliomo na maneno yaliyosemwa.

Agizo hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Chuo chenye wanafunzi wanaojua kunakili Kiswahili kama kisemwavyo kina uwezo ambao vituo vikubwa vilivyofuta kanda zao havikuutumia. Kaseti ya matanga iliyoko kabatini itasimama siku moja, hata itunzwe namna gani. Wimbo ulioimbwa siku hiyo, na jina la mama aliyeuanzisha, vyaweza kuandikwa jioni hii, wakati masini ingali inazunguka.